Sura ya Sita: Kisanduku cha Chini

Alhamisi asubuhi Sajenti Mashavu alifika kituoni na malapa ya bluu miguuni, viatu vya kazi kavishika mkononi. Miguu ilimvimba tangu jana kwa kupanda na kushuka mawe ya uwandani, kule vichakani, na vile viatu vyeusi vya kamba vilikataa kabisa kuingia. Koplo Masoud alikuwa keshachemsha chai. Alimmiminia kikombe, akamwekea mandazi mawili juu ya kipande cha gazeti, halafu akamwambia kuwa mjini wamepiga simu mara mbili.

Mashavu aliuliza wanasemaje.

"Kesho saa mbili gari inakuja kumchukua Kurwa, afande. Anapandishwa mahakamani kwa kuua. Wanataka jalada liwe limekamilika."

Jalada lenyewe lilikuwa pale mezani, jembamba kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Marehemu ni Mwalimu Haitham, miaka sitini na nne, mkaazi wa Kikwajuni. Alipostaafu kusomesha alishika kazi ya kunasa sauti za ndege na wanyama, na miaka tisa akazunguka Unguja nzima, kuanzia Mangapwani mpaka huku kusini, akitundika visanduku vyake kwenye miti. Mwaka huu alipanga chumba hapa Kizingwi. Juzi Jumanne, alasiri, alikutwa ndani ya shimo la pango nyuma ya mzimuni, pale watu wa Kizingwi wanapotambikia, shingo imevunjika. Daktari alisema alikufa papo hapo. Kisanduku alichokuwa amekifunga juu ya mkuyu wa mzimuni hakikuonekana. Msaidizi wake, Kurwa, alikutwa na hedifoni za mzee ndani ya mkoba wake, na watu saba walikuwa tayari kula yamini kwamba Jumatatu jioni mwalimu alimgombeza Kurwa hadharani, kwenye baraza ya chai, mpaka kijana akaondoka huku analia.

Kwa watu wa mjini hayo yalitosha. Mashavu alimaliza andazi la kwanza, la pili akalifunika na kisahani, akaenda mahabusu.

Kurwa alikuwa fundi redio, baba yake mtu wa Tabora, mama yake mtu wa mjini Unguja. Miaka ishirini na saba, mrefu, mikono kama ya nyani kwa kupanda miti. Alikaa chini, mgongo ukutani. Siku mbili alikuwa akisema jambo moja tu, kwamba Jumanne ile alisusa, akabaki chumbani kalala, na hakuna aliyemwona.

Mashavu alivuta kibao akakaa.

"Leo sikuulizi ya Jumanne," alisema. "Nieleze kazi. Mwalimu akifika mahali, anaanza na nini?"

Kurwa alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za kwao. Akaanza pole pole. Kwanza, alisema, wanasimama kimya robo saa nzima, mpaka ndege wawasahau. Halafu mwalimu anachagua mti ulio mbali na njia. Kurwa anapanda, anakifunga kisanduku kwa kamba ya katani, anakivisha kofia yake ya manyoya, ile ya kuzuia upepo, ambayo watoto wa Kizingwi walidhani ni paka aliyekufa. Baada ya hapo mwalimu anapiga magoti anasema siku, saa, na upepo ulivyo, ili sauti zisije zikawa yatima, hazijulikani zimezaliwa lini. Mwisho wa wiki wanatoa kadi, na Kurwa anavaa hedifoni kusafisha. Kusafisha maana yake ni kuondoa pikipiki, kuku, watu. Wabaki viumbe wa porini peke yao.

Mashavu aliandika yote. Kisha kalamu ikasimama.

"Kisanduku kiko juu ya mti. Huyo mwalimu anapiga magoti anasema na nani?"

Kurwa alionyesha sakafu kwa kidole. "Na kile cha chini, afande."

Kumbe vilikuwa viwili. Zamani kima walimharibia mwalimu kisanduku, wakakichezea mpaka kikawa vipande, na tangu siku hiyo popote alipotundika kimoja juu alificha na cha pili mizizini, ndani ya kopo la samli lililotobolewa. Mashavu aliuliza kwa nini jambo kama hilo hakulisema siku zote mbili.

"Sikuulizwa. Niliulizwa kwa nini nimemuua."

"Na Jumatatu aligomba kwa sababu gani?"

"Nilifuta sauti ya pelele wa mitini kwa makosa," Kurwa alijibu mbio mbio, macho ukutani. Mashavu aliandika hilo pia, akaweka alama ndogo pembeni.

Mzimuni hapakuwa mbali, lakini kwa miguu ile palikuwa mbali. Njia yote ni mawe ya matumbawe, makali, yanayokula soli. Masoud, mtu wa Mkokotoni, alifika penye vitambaa vyeupe vilivyofungwa kwenye vijiti akasimama, akasema yeye angebaki hapo kulinda njia. Mashavu hakumbishia. Aliingia peke yake. Palikuwa na vifuu vya nazi, vyetezo vitatu, chupa tupu za marashi zilizopangwa kwa kimo. Mkuyu ulikuwa katikati.

Kamba ya katani bado ilining'inia juu. Siku ya Jumanne watu wote walitazama shimoni; juu waliona tu kwamba kisanduku hakipo, hakuna aliyeichunguza kamba. Mashavu aliitazama muda mrefu. Ilikuwa imekatwa, na kilichokata kilikuwa na meno, kwa maana nyuzi zilichanika chanika. Chini ya kamba, kwenye gamba la mti, palikuwa na michubuko mirefu, inayoshuka. Hapo akamwita Masoud kwa nguvu, na Masoud akaja akitembea kwa ncha za vidole.

"Unaona nini?"

"Upembo," Masoud alisema baada ya kutazama. "Mtu kafunga mundu kwenye kijiti kirefu, kama tunavyoangulia mapapai."

"Na Kurwa akitaka kitu juu ya mti hutumia nini?"

Masoud alifikiri. "Miguu yake."

"Basi aliyekikata huyu ni mtu asiyeweza kupanda."

Kopo la samli lilikuwa pale pale mizizini, limefunikwa majani makavu. Kitaa chekundu ndani yake kilikuwa kingali kinapepesa.

Walianza kusikiliza saa nne na nusu. Masoud alichomeka kadi kwenye kompyuta ya kituo, wakagawana hedifoni, yeye sikio moja na Mashavu sikio moja, vichwa vimekaribiana kama watu wanaosengenya. Umeme ukakatika saa tano, feni ikasimama, kompyuta ikabaki na betri yake, jasho likaanza kushuka. Kwa kuruka ruka walisikiliza pelele wa usiku wa Jumatatu, anavyoanza kama mlango mkongwe unaofunguliwa na mtu asiye na haraka halafu anapandisha mpaka mayowe. Walisikiliza komba. Walisikiliza mvua ndogo iliyopita alfajiri, tone tone juu ya kopo. Masoud alisinzia mara mbili, na mara ya pili Mashavu alimwacha. Yeye mwenyewe alikuwa akijifinya mkono.

Halafu ikaja sauti ya mtu, karibu kabisa, hata Masoud akashtuka.

"Jumanne. Saa kumi na mbili na dakika arubaini asubuhi. Kusi, hafifu. Mawingu. Niko peke yangu. Nimekuja kukifungua kisanduku cha juu. Hapa hapatatundikwa kitu tena."

Zikafuata hatua za viatu zikienda mbali, na panga likikata mti. Mashavu alisema bila shaka mzee naye alikwenda kukata upondo wa kukifikia kisanduku, maana mpandaji wake kasusa. Dakika kumi nzima za ndege. Pugi, tetere, kurumbiza, na kima wawili wanaogombana. Kisha pugi wakanyamaza, na mtu akanong'ona.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, wenyewe." Na baada ya muda kama wa kuvuta pumzi, sauti ile ile ikajijibu chini chini: "Karibu."

Kilichofuata kilikuwa kukwaruza, kamba kukatika, kitu kuanguka kwenye majani. Mwalimu akaita kutoka mbali, akauliza ni nani, akasema ngoja, kilete kwangu. Hatua za aina mbili zikaenda, moja nyepesi mbele, nyengine ya viatu nyuma, nyuma sana. Mawe yakaporomoka. Ukelele mmoja, mfupi. Baadae kidogo ule mnong'ono ukarudi, sasa unatetemeka, ukaita "Mwalimu," ukaita tena "Mwalimu we," na hakuna aliyeitika. Baada ya hapo ni ndege tu mpaka alasiri, mpaka sauti za watu waliokuja kumtafuta.

Waliirudia mara tano. Mnong'ono hauna jinsia wala umri, huwezi kusema ni mwanamme au mwanamke.

"Sio Kurwa," Masoud alisema. "Kurwa hajui kubisha hodi kwa mti."

"Mjini watasema alijifanya. Wataniuliza, kama sio yeye ni nani? Niitie Muhammad."

Muhammad alikuwa mwindaji. Kila mtu alijua anawinda paa nunga, na kila mtu alijua ni haramu ya serikali. Mwezi wa Rajabu kisanduku cha mwalimu kilinasa sauti za mbwa wake, na mwalimu akamwendea akamwambia ajirekebishe. Kwa hiyo alikuwa na sababu. Alikuja na tambuu mdomoni, akaitema nje kwa adabu kabla ya kuingia, akakaa kitini huku anajikuna goti.

Mashavu alimwuliza mbwa wake wangapi. Sita, akasema. Wanavaa nini shingoni? Njuga, kila mmoja, la sivyo wanapotea. Kuna siku aliyowahi kuingia uwandani bila mbwa?

"Bila mbwa nnakwenda kufanya nini, Sajenti? Kusalimiana na miiba?"

Masoud na Mashavu walitazamana. Kwenye kadi hapakuwa na njuga hata moja. Lakini Mashavu hakumruhusu aende. Alimwuliza, kama kwa kupitisha wakati, akipita pale kwenye mkuyu hufanya nini.

"Nnabisha hodi. Kila mtu wa hapa anabisha."

"Ukishabisha?"

"Nnasubiri. Ndege akilia, napita. Asipolia, nnazunguka."

"Hujijibu karibu?"

Muhammad alicheka kwa mara ya kwanza. "Nigonge nyumba ya mtu halafu nijikaribishe mwenyewe? Anayekaribisha ni mwenye nyumba."

Mashavu alitia kifuniko kwenye kalamu, akaifungua tena. Akamwuliza, yale magombano ya Jumatatu yalikuwa ya pelele kweli?

Muhammad alimtazama Masoud, halafu akatazama sakafu, na goti akaacha kulikuna. Akaeleza kwa sauti ya chini. Wanawake wa Kizingwi huenda mkuyuni kutaja haja zao. Mmoja anaomba mtoto, mmoja anaomba mume arudi kutoka kwa mke mwenza, na desturi ni kwamba haja lazima itoke mdomoni, isemwe kwa sauti, haiombwi moyoni. Kisanduku kilikuwa juu yao. Na wakati wa kusafisha kadi, masikio ya Kurwa yakasikia kila kitu kabla ya kukifuta. Jumapili jioni, barazani, akawasimulia. Jina hakutaja. Aliiga sauti.

"Nyumba tisini, Sajenti. Huku sauti ya mtu ndo jina lake. Tulicheka. Na mimi nilicheka. Mume wa Saadiya alikuwa kakaa pale pale, kashika kikombe chake."

"Saadiya yuko wapi sasa?"

"Usiku ule ule alirudishwa kwao. Mwalimu alizipata habari Jumatatu, ndo akaja kugomba."

Mashavu alimshukuru. Muhammad alipotoka, Masoud alisema huyo mume basi, au ndugu wa Saadiya. Mashavu akatikisa kichwa, akauliza nani hapa Kizingwi mvyale, mtu aliyerithi ule mzimu na kuutunza.

"Bi Mwamvua. Lakini afande, yule bibi ana miaka sabini na kitu. Hawezi hata..."

"Kupanda mti," Mashavu alimalizia.

Alikwenda peke yake baada ya alasiri, na malapa. Bi Mwamvua alikuwa kakaa ukumbini juu ya jamvi, anasuka ukili, mapaja yamefunikwa kanga iliyopauka. Upembo ulisimamishwa pembeni ya mlango, mundu kichwani umefungwa kwa kamba mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, miguu hiyo inakusumbua."

Mashavu alikaa. Waliulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Ukili uliendelea kurefuka. Kisha Mashavu alisema amekuja kuuliza juu ya Jumanne, na kwamba kulikuwa na kisanduku cha pili mizizini, na chenyewe kilisikia.

Bi Mwamvua hakuuliza kilisikia nini. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani, akatoka na furushi la kanga mbili. Ndani yake kilikuwa kisanduku, na kofia yake ya manyoya, imekunjwa vizuri.

"Sijakifungua. Sijui hata kinafunguliwa vipi."

"Ulikwenda kukichukua."

"Nilikwenda kuchukua maneno ya watu wangu. Mimi ndo niliyewaambia semeni, hapa hamna wa kuwasikia. Miaka arubaini nawaambia hivyo." Alikaa tena, akaushika ukili. "Niliposikia anaita, nikakimbia. Nnayajua yale mawe, nnajua shimo liko wapi. Yeye hakujua. Sikumgusa, mwanangu."

"Najua. Hatua zake zilikuwa mbali na zako."

"Nilidhani anakuja kuninyang'anya."

Mashavu aliutazama ukili. Angeweza kuliacha lipite. Lakini lilikuwa ndani ya kadi, na kadi ingekwenda mjini, na bibi angelisikia kule, mbele ya watu asiowajua.

"Alikuja kukishusha mwenyewe, bibi. Alisema kwa mdomo wake. Alisema hapatatundikwa kitu tena."

Mikono ya Bi Mwamvua ilisimama. Chane moja ya ukili ilichomoka, ikafuata ya pili, na yeye hakuzirudisha.

"Na yule kijana," Mashavu alisema. "Siku mbili yumo ndani kwa jambo ambalo hakulifanya, na wewe umekaa na kisanduku."

"Nilisema na alale huko, ajue mdomo wake ulivyomfanya mwanamke wa watu. Siku mbili hazimuui. Ijumaa baada ya sala ningekuja kusema."

"Ijumaa saa mbili asubuhi anapandishwa gari. Kesi ya kuua."

Bi Mwamvua alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Mimi sikuambiwa hivyo."

"Ndo hivyo."

"Basi twende sasa hivi." Alikuwa keshaanza kutafuta buibui lake. Akiwa mlangoni akasimama. "Nitasema yote, mwanzo mpaka mwisho, mara mnazotaka, na dole gumba nitatia. Ila hicho kisisikilizwe. Humo wamo wote. Yumo hadi mamake sheha."

"Siwezi kukuahidi, bibi. Ni kielelezo."

"Sikukwambia uniahidi."

Maelezo yalichukua mpaka magharibi. Masoud aliandika, Mashavu aliuliza, Bi Mwamvua alijibu kila swali kwa ukamilifu, hata rangi ya kamba, hata namna alivyosimama ukingoni mwa shimo na kuita. Wakaisikiliza tena kadi ya chini, yeye mwenyewe akiwepo, na akasema naam, sauti hiyo ni yangu. Dole gumba likatiwa wino, likabandikwa kurasa zote nne. Mashavu alipiga simu mjini. Mkubwa wake alinung'unika sana, akataka asomewe ukurasa wa pili, akasomewa, akataka tena, na hatimae akasema basi. Gari ya kesho ingekuja vile vile, abiria ndo atabadilika, na kesi haitakuwa ya kuua.

Kurwa alitolewa, akarudishiwa mkanda na mkoba. Ilimbidi apite mbele ya benchi alilokaa Bi Mwamvua. Keshaambiwa. Alichuchumaa mbele yake akamwomba radhi.

"Radhi sio yangu," Bi Mwamvua alisema. "Mwenyewe yuko kwao, nyumba ya tatu kutoka msikitini."

"Nikamwambie nini, bibi?"

"Yeye usimwambie kitu, kwake usifike. Nenda barazani, kaa pale pale ulipokaa, useme ulitunga. Mumewe awepo. Wakikucheka, wacha wacheke."

Kurwa aliutia mkoba begani. Halafu akasema, "Naam," akainuka, na walimwona kupitia dirishani akishika njia ya barazani, sio ile ya kituo cha gari za mjini.

Kisanduku cha juu kilikuwa bado mezani. Masoud alikuwa keshatoa mfuko wa vielelezo na fomu yake, na kadi keshaichomoa, ameishika kwa ncha za vidole viwili karibu na kompyuta.

"Fomu inataka tueleze kilichomo, afande. Tuisikilize?"

Bi Mwamvua, kule kwenye benchi, hakugeuza shingo. Mashavu alinyoosha kiganja mpaka Masoud akamwekea kadi. Aliitia ndani ya mfuko, akaufunga, akabandika lakiri juu yake na kuibonyeza kwa dole lake mpaka ikashika. Kisha akavuta fomu karibu na taa, na kwenye mstari wa maelezo ya yaliyomo akaandika, kwa hati yake ile ya duara ya shule ya msingi, bila haraka: *Sauti za ndege na wanyama wa porini.* Akatia saini.